Motokaa Iliyofufuliwa na Sinema

Msomaji, pengine umepata kuiona katika sinema motokaa ya rangi ya fedha, milango yake ikifunguka kwenda juu mfano wa mbawa za ndege. Hiyo ndiyo DeLorean. Ilianza kuundwa mwaka 1981 huko Dunmurry, karibu na Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, nchi iliyosumbuliwa na uhaba wa kazi na uhasama wa Wakatoliki na Waprotestanti. Serikali ya Uingereza ilitoa fedha nyingi, na kiwandani mahasimu hao wakafanya kazi pamoja. Bodi yake ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu. Lakini bei ilikuwa ghali, na mwendo haukulingana na sura. Wanunuzi wakawa haba. Mwaka 1982 kiwanda kilifungwa baada ya kuunda motokaa 9,000 hivi, na watu zaidi ya 2,000 wakakosa riziki.

Mwaka 1985 ikatokea katika sinema ya Back to the Future. Humo, ikifika maili 88 kwa saa, huvuka kutoka zama hizi hadi zama nyingine. Walimwengu wakaipenda, lakini kiwanda kilikwisha kufa. Basi uionapo ikirudi zamani, wakumbuke mafundi wa Dunmurry: wao hawakupata chombo cha kuwarudisha kazini.