Mabaki ya Kinu: Historia ya Chakula cha Mifugo Nchini Kenya

Utengenezaji wa chakula cha mifugo nchini Kenya haukuanza kama tasnia inayojitegemea, bali ulichipuka pembeni mwa kinu cha nafaka, na tangu hapo umeishi kwa yale ambayo binadamu hakuyahitaji: pumba, yaani maganda na viini vinavyotengwa nafaka inapokobolewa na kusagwa, mashudu, ambayo ni makapi ya mbegu za mafuta zilizokwisha kukamuliwa, machicha ya viwanda vya bia, na molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki sukari ikishaganda. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuelewa namna tasnia hii ilivyokua, na kwa nini ilikwama hasa wakati wateja wake walipokuwa wengi kuliko awali, hana budi kuchunguza sufuria za watu kwa makini kuliko mabanda ya ng'ombe.

Kabla ya ukoloni hapakuwa na chakula cha mifugo cha kununuliwa, kwa kuwa mfugaji wa Kimaasai au wa Kinandi alimfuata mnyama kwenye malisho na wala hakumletea malisho mnyama. Kitu kimoja tu ndicho kilichotafutwa mahususi kwa ajili ya mifugo, nacho ni chumvi ya ardhini, kwa maana makundi yalipelekwa kwa vipindi kwenye maeneo yenye udongo wa magadi ili yalambe. Walowezi wa Kizungu walichelewa kuuelewa ujuzi huo. Lord Delamere, aliyepewa ardhi kubwa Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, aliwashuhudia kondoo wake wakidhoofika na kufa katika nyanda zilizoonekana za kijani kibichi, na miaka mingi baadaye madaktari wa mifugo waliuita ugonjwa wa ng'ombe kukonda katika eneo la Nakuru kwa jina la mji wenyewe. Ilipofika mwaka 1935, watafiti wa Australia walikwisha kuonyesha kwamba ugonjwa wa namna hiyo hutokana na upungufu wa kobalti, madini ambayo mnyama huyahitaji kwa kiasi kidogo mno lakini hawezi kuishi bila hayo. Kwa hiyo, madini yalitangulia kuwa hoja ya kitaalamu kabla ya nafaka.

Nafaka ilifuata kwa njia ya biashara. Delamere huyo huyo alianzisha kampuni ya Unga mwaka 1908 ili kusaga ngano ya walowezi, na kinu cha ngano, kikitaka kisitake, hutoa pumba pamoja na unga. Mwaka 1923 kiliundwa chama cha wakulima walowezi kilichojulikana kama KFA, ambacho makao yake yalikuwa Nakuru na ambacho kiliwauzia wanachama pembejeo na kuwanunulia mazao. Mwaka 1925 kikafuata chama cha ushirika cha maziwa, KCC. Jambo lisilotajwa sana katika historia za KCC ni kwamba mwanzoni bidhaa yake kuu ilikuwa siagi, na mlowezi aliyepeleka krimu kiwandani alibaki shambani na maziwa yaliyoondolewa mafuta, ambayo aliwapa nguruwe, na nguruwe hao wakaishia katika kiwanda cha nyama cha Uplands, karibu na Limuru. Bei ya mahindi ilipoporomoka duniani katika miaka ya 1930, sehemu ya mahindi yenyewe ililishwa mifugo, kwa kuwa gharama ya kuyasafirisha hadi Mombasa na kuvuka bahari ilikaribia kumeza thamani yake. Katika hali hiyo chakula cha mifugo kilikuwa mzunguko wa ndani ya shamba zaidi kuliko soko.

Soko halisi lilizaliwa pale Mwafrika alipopata ng'ombe wa gredi. Kituo cha upandishaji mbegu kwa mirija kilianzishwa Kabete mwaka 1946, na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliobuniwa na serikali ya kikoloni katikati ya vita vya Mau Mau, uliwafungulia wakulima wa Kikuyu, Embu na Meru njia ya kumiliki ng'ombe wa kizungu na kuuza maziwa, fursa ambayo hapo awali ilikuwa ya walowezi. Ng'ombe wa gredi si mnyama wa kawaida aliyeongezewa maziwa tu, maana mwili wake umechaguliwa kwa vizazi vingi ili uyageuze kuwa maziwa yale yote alayo, na akikosa chakula chenye nguvu na protini ya kutosha, ama hukauka ama hukonda hadi asishike mimba. Baada ya uhuru mashamba yaligawanywa kwa warithi hadi yakawa ya ekari chache, malisho yakatoweka, na ng'ombe akafungiwa bandani. Mradi wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa maziwa, ulioanza mwaka 1980 kwa msaada wa Uholanzi, uliufanya mtindo huo wa kumkatia ng'ombe mabingobingo na kumletea bandani kuwa fundisho rasmi la mabwana mifugo. Wakati huohuo mpango wa maziwa ya shule, maarufu kama maziwa ya Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1979, uliongeza mahitaji ya maziwa kwa agizo la serikali, na mradi mwingine wa Kiholanzi uliokuwa umeanza mwaka 1976 ulikuwa ukisambaza kuku wa gredi, ambaye tofauti na ng'ombe hawezi hata siku moja kujazwa majani tumboni.

Viwanda vya chakula cha mifugo vilihimili ongezeko hilo kwa urahisi wa kushangaza, na urahisi huo ndio uliowapumbaza wapangaji wengi. Chini ya mfumo wa udhibiti, uliokuwa na mizizi yake katika sheria za mahindi za wakati wa vita mwaka 1942 na ambao hatimaye uliwekwa mikononi mwa Bodi ya Nafaka na Mazao, mahindi hayakuruhusiwa kuhama ovyo kutoka wilaya moja hadi nyingine, na kwa hiyo mkazi wa mjini alilazimika kununua unga uliokobolewa wa viwanda vikubwa vilivyouziwa nafaka na bodi. Kila gunia la unga mweupe liliacha nyuma pumba na viini vya kulisha ng'ombe. Pamba ya Nyanza na ya Pwani iliacha mashudu. Hata pareto, ua ambalo Kenya iliongoza duniani kwa kulizalisha na ambalo dawa yake ya wadudu ilikamuliwa Nakuru, lilibakiza makapi yaliyochanganywa katika chakula cha ng'ombe. Ilionekana kana kwamba malighafi ingepatikana daima, ilhali kwa kweli ilikuwa zao la sera ambazo hazikuwatazamia mifugo hata kidogo.

Sera hizo zilipobadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, malighafi ilipungua kutoka pande zote. Ukiritimba wa KCC katika soko la miji ulikoma mwaka 1992, na vizuizi vya kusafirisha mahindi viliondolewa kufikia mwishoni mwa mwaka 1993. Mkazi wa Nairobi mwenye kipato kidogo, akiwa sasa huru kununua mahindi sokoni na kuyapeleka kwenye posho mili ya mtaani kwake, aliusaga unga wenye pumba zake na kuula mzima kwa bei nafuu. Kwa maneno mengine, alikula sehemu ya mgao wa ng'ombe. Kilimo cha pamba kiliporomoka baada ya bodi yake kupoteza uwezo wa kuwalipa wakulima, na pareto ikafuata mkondo huo miaka kadhaa baadaye. Pigo ambalo halikutambuliwa upesi, na ambalo pengine lilikuwa zito kuliko yote, lilitoka jikoni: mafuta ya mawese kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ambayo yaliingia kwa wingi na kuyashinda mafuta ya alizeti na ya mbegu za pamba, hufika bandarini Mombasa yakiwa yamekwisha kukamuliwa, na kwa hiyo hayaachi shudu lolote nchini. Nchi iliyokuwa ikipika kwa mafuta mengi zaidi ikawa na mashudu machache zaidi, na viwanda vikaanza kuyanunua Uganda, Tanzania na Zambia pamoja na soya, tena kwa fedha za kigeni.

Protini ya wanyama nayo ilikuwa na kisa chake. Dagaa wa Ziwa Victoria, wanaoitwa omena na Wajaluo, pamoja na uduvi wadogo wa ziwani, walikuwa protini kuu ya chakula cha kuku, nao huanikwa mchangani na kukusanywa na wachuuzi ambao wengi wao ni wanawake. Mchanga unaoshikamana nao ni uzito unaolipiwa lakini usiolishwa, na malalamiko ya wafugaji kuhusu mchanga huo ni ya zamani kama biashara yenyewe. Lakini suala kubwa zaidi ni kwamba omena ni kitoweo cha maskini, ambao waliwageukia zaidi dagaa hao tangu viwanda vya minofu ya sangara vya miaka ya 1980 vilipoelekeza samaki mkubwa kwenye masoko ya nje, na kila debe linaloingia kwenye mashine ya chakula cha kuku ni debe lililokosekana sokoni.

Desturi ya kuishi kwa mabaki ilizaa pia kanuni isiyoandikwa kwamba kisichomfaa mtu kinamfaa mnyama, kanuni ambayo sayansi ilikwisha kuikanusha mapema. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kutokana na mashudu ya karanga, na mwaka uliofuata watafiti waliokuwa wakitafuta chanzo walitambua katika karanga zilizotoka Uganda kuvu inayotengeneza sumu iliyokuja kuitwa aflatoksini. Afrika Mashariki ilikuwemo katika ugunduzi huo tangu mwanzo, lakini somo lilichelewa kurudi nyumbani. Baada ya mahindi yenye sumu hiyo kuua watu 125 katika wilaya za mashariki ya Kenya mwaka 2004, ukaguzi wa nafaka ya binadamu ulikazwa, na mahindi yaliyooza yakaendelea kutafuta mnunuzi mwingine. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sumu haiishii tumboni mwake. Sehemu yake hutoka kwenye maziwa, ikiwa imebadilika umbo kidogo, na kumrudia mtoto wa mwenye ng'ombe.

Tasnia ilipotaka kujikomboa kwa kuagiza malighafi kutoka mbali, ilikuta mlango umefungwa. Marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, iliyotangazwa Novemba 2012 kwa hofu ya afya ya walaji, iliweka nje sehemu kubwa ya mahindi ya manjano na soya ya Marekani, Brazili na Argentina, ambako mbegu za aina hiyo ndizo zilizotawala. Mahindi ya manjano yalikuwa na doa jingine vilevile, kwani Wakenya wengi waliyajua kama chakula cha msaada kilicholetwa katika ukame wa mwaka 1984, na mkulima hakuwa na sababu ya kupanda zao ambalo, bei ya kiwanda ikishuka, familia yake isingependa kulila. Ndiyo maana viwanda viliendelea kushindania mahindi meupe na wasagaji wa unga wa ugali, na kila msimu mbaya wa mvua, kama ilivyotokea kati ya mwaka 2020 na 2022, viwanda vidogo vilifunga milango kwanza. Marufuku iliondolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2022, lakini kufikia hapo wafugaji wengi walikwisha kuacha kununua gunia lililoshonwa kiwandani, wakawa wananunua pumba kwenye posho mili, mashudu kwa wakala na omena sokoni, na kujichanganyia wenyewe kwa sepetu juu ya sakafu ya saruji, nje ya takwimu za tasnia na nje ya macho ya wakaguzi wa viwango.