Kuchomelea paa: kitenzi kilichohama nyumba

Kila msimu wa mvua magazeti yetu hurudia habari ileile: upepo mkali umeezua paa la shule na wanafunzi wanasomea chini ya mti. Vijana wengi wanakijua kitenzi 'kuezua' kwa njia hiyo tu. Kwao, anayeezua ni upepo. Zamani aliyeezua alikuwa fundi, tena kwa makusudi, kisu mkononi.

Kuezeka na kuezua ni pacha, kama walivyo kufunika na kufunua, kubandika na kubandua, kuchomeka na kuchomoa. Sarufi yetu inampa fundi kitenzi cha kutenda na kingine cha kutendua. Paa la makuti la Pwani lilivihitaji vyote viwili. Nyumba hupauliwa kwanza: makombamoyo huwekwa, kisha fito hufungwa juu yake kwa kukingama. Ndipo yanapokuja makuti ya viungo, yale ambayo majani ya mnazi yamekunjwa na kufungwa kwenye kijiti. (Kuti la kumba, lililosukwa likiwa zima, ni la ua zaidi kuliko paa.) Fundi huanzia chini, upenuni, akipanda kuelekea mgongo wa paa, kila safu ikiilalia iliyo chini yake ili maji yateleze.

Sasa tuseme kuti moja limeoza katikati. Limelaliwa na wenzake wa juu, na ukilivuta kwa pupa utaharibu safu nzima. Inabidi kuyainua ya juu taratibu, kuikata kamba inayolishika lile bovu, kulichomoa, kupenyeza jipya palepale na kulifunga. Kazi yote hiyo ilikuwa na neno moja tu: kuchomelea. Edward Steere, ambaye mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja ulitoka mwaka 1870, alilisajili kwa maana hiyohiyo ya kutoa kipande kibovu cha paa au cha nguo na kutia kipya mahali pake.

Umbo la neno linajieleza. Mzizi ni 'choma', si kwa maana ya nyama choma bali ile ya mwiba, yaani kupenya. Kuchomeka kumetoka hapo, na kuchomoa pia. Kiambishi cha kutendea kimerudiwa, kama katika 'pigilia', na marudio hayo huleta dhana ya kushikilia kazi mpaka ikamilike.

Leo hebu mwambie fundi wa mtaani, "Nichomelee paa." Atakuja na mashine ya umeme na miwani myeusi! Katika jua kali, kuchomelea ni kuunganisha vyuma kwa moto, na hata 'kulehemu', neno letu lenye asili ya Kiarabu, limesukumwa kando. Siwalaumu mafundi. 'Choma' ya moto ilikuwepo tayari, mabati yalipochukua nafasi ya makuti neno likabaki bila kazi, nao wakalipa ajira nyingine. Ninachosikitikia ni kwamba nafasi lililoiacha haikujazwa.

Nafasi hiyo tunaihitaji, maana nyumba nyingi mpya zinaezekwa kwa vigae. Kigae chenyewe ni neno lililohama: asili yake ni kipande cha chungu kilichovunjika. Vigae vya udongo au saruji vina vijino vinavyoning'inia kwenye fito, na kimoja kikipasuka, kabari mbili zinatosha kuviinua vya juu na kukitelezesha nje. Mwenye nyumba asiyejua hivyo huambiwa paa lote limekwisha, naye analipa.

Kwa vigae vya jiwe la sleti, kama vile vya Wales, kazi ni ngumu zaidi, kwani kila kigae kimepigiliwa misumari ambayo safu ya juu imeificha. Mafundi wa huko wana kifaa maalumu: bapa refu jembamba la chuma, lenye makucha upande mmoja na mpini uliopinda upande wa pili. Fundi hulipenyeza chini ya kigae, huunasa msumari bila kuuona, kisha huupiga mpini kwa nyundo kuelekea kwake mpaka msumari ukatike. Kigae kipya hakiwezi kupigiliwa tena pale, hivyo hushikwa kwa ndoano au ukanda wa shaba.

Kifaa hicho tukiiteje? Nimesikia 'kifaa cha kung'olea misumari ya vigae', ambayo ni sentensi nusu wala si jina. Lakini Kiswahili kina mazoea ya kuviita vifaa kwa vitenzi vya kutendua: kufungua kumetupa ufunguo, kuzibua kumetupa kizibuo. Kwa kanuni hiyo, kuezua kutatupa kiezuo. Napendekeza neno hilo kwa walimu wa vyuo vya ufundi, ambao wanafunzi wao ndio watakaopanda ngazi. Na wakishatoa kigae kibovu kwa kiezuo na kutia kipya, waseme wamelichomelea paa.