Kutoka Nyayo za Laetoli Hadi Daftari la Shayiri

Mimi historia niliisoma mpaka kidato cha nne, na zamadamu niliwakariri kama jedwali la kuzidisha. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili, kengele ikalia. Hakuna aliyetuambia habari za wale watembea kwa miguu wa Laetoli.

Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilifukua nyayo zao huko, si mbali na Olduvai. Zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikanyesha kidogo, majivu yakawa kama saruji mbichi, nao wakapita. Kidole gumba kimelala sambamba na vingine, si kama cha sokwe kilichochepuka pembeni. Na mmoja wao, jamani, alikuwa anakanyaga mle mle alimokanyaga mwenzake! Ubongo wao ulikuwa mdogo, haujaupita sana wa sokwe. Kumbe tulianza kutembea wima zamani sana kabla kichwa hakijakua.

Hapa katikati naruka, maana ukurasa wenyewe ni huu huu. Zana za mawe za Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3. Watu wa aina yetu wametokea juzi tu, kama miaka 300,000 iliyopita. Ngano na shayiri zikaanza kulimwa Mashariki ya Kati miaka 10,000 na zaidi iliyopita, ghala zikajaa, miji ikaota.

Tushuke Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, miaka 5,000 na ushee iliyopita. Hapo ndipo maandishi yalipoanza, na sisi tunaojiita waandishi chipukizi tungependa kusikia kwamba yalianza na hadithi. Wapi! Yalianza na hesabu. Kibao cha udongo, unyasi uliochongwa, kondoo wangapi, posho kiasi gani. Alama ya posho ilikuwa kichwa cha mtu na bakuli mdomoni. Kibao kimoja kina hesabu ya shayiri ya miezi 37, na chini yake jina: Kushim. Wataalamu hawajakubaliana kama ni mtu au cheo. Huenda ndilo jina la kwanza la mtu kuandikwa duniani, na ni la karani wa ghala!

Ikapita karibu miaka elfu moja ndipo akatokea Enheduanna, binti wa mfalme Sargon, anayetajwa kuwa mtunzi wa kwanza tunayemjua kwa jina.

Nimemfikiria sana Kushim, kwa sababu marehemu baba yangu hakuacha barua wala picha. Jina lake nimelikuta sehemu moja tu, kwenye daftari la mikopo la duka la mtaani kwetu: sukari nusu, mafuta ya taa robo, chumvi, amelipa. Mwenye duka kanipa ile karatasi. Nimeigeuza, na upande wa nyuma nimeanza kuandika alivyokuwa akitembea.