"Nje ya Mila": Lugha ya Hukumu Mjini Bujumbura

Neno ustaarabu limejengwa juu ya jina la Mwarabu. Katika karne ya 19 mvaa kanzu wa pwani alijiona mstaarabu, na mtu wa bara akamwita mshenzi. Mjini Usumbura, jina la Bujumbura hadi uhuru wa 1962, hukumu hiyo ilimrudia msemaji wa Kiswahili. Wabelgiji waliihesabu mitaa ya Waafrika, Buyenzi ikiwamo, kuwa kituo cha "nje ya mila". Kana kwamba kanzu, kanga na maulidi si mila! Katika Kirundi cha mitaani umuswahili akawa pia mjanja asiyeaminika. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kinatetewa zaidi kwa hoja za biashara. Hoja hizo haziigusi maana hiyo, ambayo mwanafunzi huingia nayo darasani.