Kisumu hadi Lindi: Kilomita 1,230

Rafiki yangu anafundisha Kisumu, lakini kwao ni Lindi. Mwaka jana mama yake alifariki alfajiri, na mimi niliyekuwa Dar nikapewa kazi ya kumtafutia usafiri. Nikafungua tovuti ya kupima umbali kati ya viwanja vya ndege. Nikaandika Kisumu, nikaandika Lindi. Jibu likaja papo hapo: kilomita kama 1,230, angani kama saa mbili.

Saa mbili tu! Shida ni kwamba ndege hiyo haipo. Tovuti inapima mstari, haiuzi tiketi. Ikabidi aende Nairobi, aje Dar, aruke hadi Mtwara, kisha apande gari kilomita kama mia moja kurudi kaskazini. Alifika kesho yake jioni. Mama alishazikwa.

Baada ya msiba nikaanza kusoma, na nilichokikuta kilinishangaza: safari hiyo iliwahi kuwepo. Mwaka 1937 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianza kupeleka ndege za majini kutoka Southampton hadi Durban. Zilikuwa aina ya Short Empire, zenye injini nne na tumbo kama la mashua. Zilifuata Mto Nile, zikatua Ziwa Victoria, na kutoka Kisumu zikaelekea Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, halafu Msumbiji.

Kwa nini Lindi? Jibu ni maji. Ndege ile haikuhitaji lami. Ilihitaji ghuba tulivu, mafuta, na boti ya kushusha abiria. Ghuba ya Lindi, pale Mto Lukuledi unapoingia baharini, ilitosha kabisa.

Nikapiga hesabu. Kisumu hadi Mombasa ni kilomita kama 700, Mombasa hadi Dar 310, Dar hadi Lindi 350. Jumla ni kama 1,360. Kwa mwendo wa kilomita 265 kwa saa, ni saa tano na ushee angani. Ongeza muda wa vituoni, bado ni njia moja isiyokupitisha Nairobi wala Mtwara.

Lakini tusijidanganye kwamba zamani ilikuwa tamu. Njia ile ilichorwa kwa ajili ya barua na maofisa wa dola. Nauli haikuwa ya mwalimu, sembuse mvuvi wa Lindi, ambaye aliishia kuitazama ndege ikipasua maji. Na Lindi haikuchaguliwa kwa sababu ya watu wake. Ilichaguliwa kwa sababu injini za wakati ule zilikuwa na kiu, zisingeweza kwenda mbali bila kujazwa mafuta. Baada ya vita vikuu vya pili zikaja ndege za nchi kavu zilizoruka mbali zaidi, na kufikia 1950 shirika lililoirithi Imperial, yaani BOAC, lilikuwa limeachana na ndege za majini. Lindi ikarukwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilomita hazikuongezeka hata moja. Kilichobadilika ni nani anahitaji kupita kwenu. Mji unaweza kuwa karibu kwa sababu ya shida ya mtu mwingine, na ukawa mbali siku shida yake ikiisha.

Rafiki yangu nilimsimulia yote haya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo barua ingewahi kumzika mama, mimi nisiwahi?"

Sikuwa na jibu.