Kompyuta mpakato za michezo: Kwa nini huchemka na kuvuma, na namna ya kuzituliza

Anayefungua mchezo mzito katika kompyuta mpakato yenye nguvu husikia feni zikianza kuvuma kabla hata mchezo wenyewe haujaanza. Baada ya dakika kumi sehemu iliyo juu ya kibodi huwa haishikiki, na mvumo husikika hadi chumba cha pili. Wengi hapo hufanya jambo la kwanza linalowajia, nalo ni kutafuta namna ya kuzinyamazisha feni. Lakini feni ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Kinachostahili kupunguzwa ni umeme unaoliwa na mashine. Ukipunguzwa kwa kipimo, kelele hushuka sana, ilhali kasi ya mchezo hushuka kidogo tu.

Jambo hili haliwahusu wacheza michezo pekee. Mashine za aina hii hununuliwa pia na wahariri wa video, wachoraji wa majengo na wanafunzi wa uhandisi, mara nyingi zikiwa zimekwisha kutumika kwingine kwa miaka kadhaa. Ni mali ya gharama, na joto ni miongoni mwa mambo yanayoichakaza upesi.

Umeme unaogeuka joto

Karibu kila wati inayoingia kwenye prosesa hutoka ikiwa joto. Prosesa ya Intel Core i9-13980HX, iliyoingia sokoni mwaka 2023, imepangiwa wati 55 kwa kazi ya mfululizo, lakini inaruhusiwa kupanda hadi wati 157 inapohitaji kasi ya ghafla. Prosesa ya picha ya NVIDIA GeForce RTX 4090 ya kompyuta mpakato hupangiwa kati ya wati 80 na 150, kwa uamuzi wa kampuni inayounda mashine. Ile ya kompyuta ya mezani yenye jina hilohilo hutumia hadi wati 450. Kwa hiyo jina lililobandikwa kwenye mashine halimwambii mnunuzi mambo yote, na mashine mbili zenye jina moja la prosesa zinaweza kutofautiana sana kwa kasi, joto na kelele. Idadi ya wati ndiyo inayofaa kuulizwa dukani, ingawa wauzaji wachache huitaja.

Prosesa hizo mbili zikifanya kazi pamoja, joto lake huweza kulingana na la balbu mbili za kizamani za wati 100, likiwa limefungiwa ndani ya kasha lenye unene wa vidole viwili. Joto hilo hupita kwanza kwenye tabaka jembamba la peisti, likaingia katika bamba la shaba, kisha katika mabomba bapa ya shaba. Ndani ya mabomba hayo mna kimiminika kidogo ambacho hugeuka mvuke upande wa moto na kurudi kuwa kimiminika upande wa baridi. Mwishoni kuna mapezi membamba ya chuma yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na feni hupuliza hewa katikati yake. Kiungo kimoja kikidhoofika katika mnyororo huo, feni hulazimika kufidia.

Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zimewekewa ukomo wa nyuzi joto 100 au karibu na hapo. Zikifika kwenye ukomo hazilipuki wala haziungui papo hapo, bali hujipunguzia kasi zenyewe. Mwezi Julai mwaka 2018 ulimwengu uliliona jambo hili waziwazi, pale wanunuzi wa MacBook Pro mpya yenye prosesa ya Core i9 walipogundua kwamba katika kazi nzito mashine hiyo ilishuka chini ya kasi yake ya msingi iliyotangazwa. Siku chache baadaye Apple ilitoa sasisho la programu, ikieleza kwamba kulikuwa na hitilafu katika mfumo unaosimamia joto. Prosesa yenyewe haikubadilishwa. Kilichorekebishwa ni jinsi ilivyogawiwa umeme, na mashine zilezile zikawa na kasi zaidi.

Hesabu ya kelele

Feni ina kanuni zake, na kanuni hizo zina ukali. Kiasi cha hewa huongezeka sambamba na mizunguko. Feni ikitoka mizunguko 4,000 kwa dakika hadi 5,000, hewa huongezeka kwa robo. Kelele, hata hivyo, hupanda kwa takriban desibeli 5, na umeme unaotumiwa na feni yenyewe hukaribia kuwa maradufu. Kupanda kwa desibeli 10 husikika masikioni kama kelele iliyozidi mara mbili. Hivyo basi hewa kidogo ya mwisho ndiyo inayonunuliwa kwa kelele nyingi kuliko yote, na ndiyo inayofaa kuachwa kwanza.

Upande wa prosesa kuna hesabu inayofanana na hiyo. Umeme unaotumiwa hufuata kasi ya prosesa pamoja na mraba wa volti. Volti ikipunguzwa kwa asilimia 10 pasipo kugusa kasi, matumizi hushuka kwa karibu asilimia 19. Na kwa kuwa kasi za juu kabisa ndizo zinazodai volti nyingi, sehemu ndogo ya mwisho ya kasi hula umeme kupita kiasi. Mtu anayeikamua mashine hadi tone la mwisho hulipa mara mbili, kwa joto na kwa mvumo, na anachopata ni fremu chache ambazo jicho huenda lisizione.

Watengenezaji wanalijua hili. Mwaka 2017, katika maonyesho ya Computex mjini Taipei, NVIDIA ilitangaza mpango iliouita Max-Q, jina lililoazimwa kutoka elimu ya roketi. Prosesa ya picha ya GTX 1080 ya kompyuta mpakato, iliyokuwa ikitumia wati 150, ilipangwa upya itumie kati ya wati 90 na 110. Kasi ilipungua, lakini si kwa uwiano uleule wa umeme, na mashine nyembamba zikawezekana. Mtumiaji wa leo anaweza kufanya jambo kama hilo nyumbani bila kununua chochote.

Pa kuanzia

Hatua rahisi kuliko zote ni kuweka kikomo cha fremu. Mchezo usio na kikomo huilazimisha prosesa ya picha kuchora fremu nyingi kadiri iwezavyo, hata pale skrini inapoweza kuonyesha 144 tu kwa sekunde, na hata mchezaji anapokuwa amesimama kwenye ukurasa wa menyu akichagua silaha. Katika michezo ya hadithi isiyohitaji wepesi wa mkono, fremu 60 kwa sekunde huwatosha wengi. Kikomo hicho huwekwa ndani ya mchezo wenyewe au katika programu ya NVIDIA au AMD inayokuja na mashine.

Hatua ya pili ni kuipunguzia prosesa kuu ile ruhusa ya kupanda ghafla. Katika mashine nyingi za Windows, kwenye mipangilio ya umeme, kiwango cha juu cha prosesa kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa hubaki kwenye kasi yake ya msingi. Asilimia moja huonekana si kitu, ila matokeo yake ni makubwa. Kiwango cha joto kinaweza kushuka sana ndani ya dakika moja na feni zikatulia. Michezo inayotegemea zaidi prosesa ya picha haiathiriki sana. Ile inayotegemea prosesa kuu, kama ya kujenga miji au ya vita vyenye majeshi mengi, huathirika, na hapo ni afadhali kuchagua hali ya kimya au ya wastani iliyowekwa na mtengenezaji wa mashine, ambayo hupunguza wati hatua kwa hatua.

Hatua ya tatu, ya kupunguza volti, inahitaji subira. Kwa prosesa ya picha, programu ya MSI Afterburner huruhusu kuchora upya uwiano kati ya volti na kasi. Volti hupunguzwa kidogokidogo, mchezo hujaribiwa kwa nusu saa, kisha hupunguzwa tena hadi mashine inapoanza kuyumba, na hapo mtu hurudi hatua moja au mbili nyuma. Kosa katika zoezi hili kwa kawaida huishia kwa mashine kuganda au kujizima, kwa hiyo kazi zilizo wazi zihifadhiwe kabla ya kuanza. Kwa prosesa kuu za Intel mlango huo mara nyingi umefungwa. Desemba mwaka 2019 watafiti kutoka vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza udhaifu waliouita Plundervolt, ulioonyesha kwamba kuchezea volti kunaweza kutumika kuvunja sehemu ya siri ndani ya prosesa. Intel ikatoa masasisho ya kufunga udhibiti huo. Mtumiaji asiyeuona mpangilio huo katika mashine yake hajakosea popote.

Katika hatua zote, programu ya kupima kama HWiNFO huonyesha wati, nyuzi joto na mizunguko ya feni kwa pamoja. Pasipo vipimo, mtu hubahatisha.

Vumbi, peisti na chumba

Mashine iliyokuwa kimya mwaka jana na sasa inavuma kwa kazi ileile kwa kawaida haina tatizo la mipangilio. Vumbi na nyuzi za nguo hujikusanya kati ya feni na mapezi, zikafanya zulia dogo lisilopitisha hewa. Kupuliza kutoka nje kupitia matundu hulisukuma zulia hilo ndani badala ya kulitoa. Njia ya uhakika ni kuzima mashine, kuchomoa umeme, kufungua kifuniko cha chini, kutenganisha betri, na kulitoa vumbi kwa brashi laini na hewa ya pampu. Panga za feni zishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza, kwa sababu zikizungushwa kwa kasi kuliko zilivyokusudiwa huharibika.

Peisti iliyo juu ya prosesa nayo hukauka au husukumwa pembeni kadiri chuma kinavyotanuka na kusinyaa. Dalili yake ni joto kuruka hadi karibu na ukomo sekunde chache tu baada ya kazi kuanza, hata pale feni zinapokuwa safi. Fundi anayeibadilisha anapaswa kujua kwanza kilichokuwemo. Baadhi ya mashine za miaka ya karibuni hutumia metali kimiminika yenye galiamu, ambayo hupitisha umeme na hula alumini. Ikimwagika kwenye bodi, huenda mashine isitengenezeke tena. Wengine hutumia kitambaa chembamba kinacholainika kwa joto, mfano PTM7950 ya Honeywell, ambacho hakisukumwi pembeni kwa urahisi kama peisti ya kawaida.

Chumba chenyewe nacho huingia katika hesabu. Kwa wati zilezile na feni ileile, prosesa hukaa juu ya joto la chumba kwa tofauti isiyobadilika sana. Tofauti ikiwa nyuzi joto 65, mashine inayofika 88 katika chumba chenye nyuzi joto 23 itafika 97 katika chumba chenye nyuzi joto 32. Ndiyo maana sifa zinazoandikwa na wachambuzi wa Ulaya hazifanani na hali ya Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura alasiri ya joto. Mwinuko pia huchangia. Katika kimo cha mita 1,500, kama ilivyo Kigali, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya usawa wa bahari, na kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu, ingawa ubaridi wa huko hufidia.

Kuinua sehemu ya nyuma ya mashine kwa sentimita mbili au tatu, hata kwa vizibo viwili vya chupa, huipa nafasi ya kuvuta hewa. Kitanda, mto na mapaja huziba matundu ya chini. Vibao vya kupozea vyenye feni zake husaidia baadhi ya mashine, ila huleta kelele yake pia.

Betri na sauti zisizo za kawaida

Kupunguza wati kuna faida nyingine kwa anayetegemea umeme wa jua au jenereta ndogo. Mashine inayotumia wati 110 badala ya 200 hukaa karibu mara mbili ya muda kwa betri ileile ya nyumbani. Betri ya kompyuta yenyewe huzeeka upesi ikikaa imejaa huku ikipikwa na joto, kwa hiyo watengenezaji wengi wameweka mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 hivi kwa mashine inayokaa mezani. Kibodi ikianza kuinuka katikati au kifuniko cha chini kuachana, betri imevimba. Mashine izimwe, isichajiwe tena, na betri iondolewe na fundi bila kutobolewa.

Hatimaye, si kila sauti ni ya hewa. Mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika kadiri fremu zinavyoongezeka, hutoka kwenye koili za umeme. Kikomo cha fremu huupunguza, na hauna madhara kwa mashine. Mkwaruzo au mtikisiko unaosikika hata feni inapozunguka polepole ni dalili ya beringi iliyokwisha, na hakuna mpangilio wa programu unaoutibu. Feni mpya huagizwa kwa namba iliyochapishwa kwenye kibandiko cha ile ya zamani, huku ikiangaliwa kama ni ya kushoto au ya kulia, kwani katika mashine nyingi hizo mbili hazibadilishani.