Southern Bypass: Miaka 43 kutoka karatasini hadi lami

Lori la makontena kutoka bandari ya Mombasa likikaribia Nairobi hukata kushoto hapo Ole Sereni, likaambaa na uzio wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, likapita nyuma ya uwanja wa ndege wa Wilson, Lang'ata, msitu wa Ngong Road na Dagoretti, kisha likaibukia Gitaru kwenye barabara ya Nakuru. Dereva anaelekea Malaba, mpakani na Uganda, bila kugusa katikati ya jiji. Hiyo ndiyo Southern Bypass, kilomita 28.6 za lami, zilizokamilika mwaka 2016.

Wengi wanaopita hapo huidhani ni barabara ya juzi. Sivyo. Wazo lake ni la mwaka 1973, katika mpango wa ukuaji wa Nairobi ulioandaliwa wakati jiji lilikuwa limetoka tu kuhesabu wakazi nusu milioni. Wapangaji waliliona tatizo mapema: barabara kuu ya pekee kutoka pwani kwenda Uganda ilipasua jiji katikati, kupitia Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way. Kila mzigo wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Kongo Mashariki ulilazimika kupenya mizunguko ileile aliyopitia karani anayewahi kazini. Dawa waliyoitoa ni barabara za kuzunguka jiji, na ardhi ya kuzijengea ikatengwa.

Kati ya mchoro huo na kilomita ya kwanza ya lami ilipita miaka karibu 40. Fedha zilikuwa haba, ndiyo, lakini uhaba wa fedha hauelezi yote. Anayetaka kujua yaliyotokea aisome ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyoundwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Tume hiyo, chini ya wakili Paul Ndung'u, ilikadiria kwamba hatimiliki haramu zipatazo 200,000 zilitolewa kati ya 1962 na 2002. Misitu, viwanja vya shule, makaburi na hifadhi za barabara viligawiwa kama peremende, hasa nyakati za uchaguzi. Ardhi iliyotengewa baipasi za Nairobi haikunusurika. Palipochorwa barabara pakaota kuta, majumba na malango ya chuma, na kila mwenye nyumba alikuwa na karatasi yenye muhuri wa serikali.

Hapo ndipo tunafika mwaka 2004, sura chungu zaidi ya historia hii. Waziri wa Barabara na Ujenzi alikuwa Raila Odinga, mbunge wa Lang'ata. Alitangaza kwamba hifadhi za barabara lazima zirudi kwa umma, ziwe zinakaliwa na tajiri au maskini. Nia ilikuwa ya haki, na Wakenya wengi waliichangamkia. Ila tingatinga halisomi nia. Mwezi Februari liliingia Kibera, mtaa wa mabanda uliokuwa kwenye njia ya baipasi, katika eneo bunge la waziri mwenyewe, na kubomoa mtaa uliobeba jina lake: kijiji cha Raila. Nyumba za mabati zilianguka pamoja na mahali pa kusomea na kuabudia, na familia zikalala nje. Mabwanyenye wenye hatimiliki walikimbilia mawakili na mahakama. Mpangaji wa Kibera hakuwa na hatimiliki ya kumpa hakimu. Alikuwa na vyombo vyake na watoto wake. Kanisa, mashirika ya haki za binadamu na majirani walipaza sauti, na serikali ikalazimika kusimamisha ubomoaji.

Tukio hilo linaeleza kwa nini kuchelewa kwa barabara hii ni zaidi ya suala la uhandisi. Aliyeuza ardhi ya umma alishakula faida yake zamani. Aliyeinunua alikuwa na mlango wa kujitetea. Gharama ya kwanza ikamwangukia asiyeuza wala kununua chochote.

Ujenzi wa baipasi ya kusini ulizinduliwa hatimaye mwaka 2012, Kibaki akiwa anakaribia kuondoka Ikulu. Mkandarasi alikuwa China Road and Bridge Corporation, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo kutoka benki ya Exim ya China.

Mara ugomvi wa pili ukazuka, safari hii kati ya barabara na simba. Kipande cha karibu na Wilson kilikuwa kimebanwa: huku uwanja wa ndege na majengo, huku uzio wa mbuga. Njia rahisi ilikuwa kumega mbuga. Watetezi wa wanyamapori, akiwemo Dkt. Paula Kahumbu, pamoja na mashirika ya uhifadhi, walikwenda mbele ya baraza la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira, na kazi kwenye kipande hicho ikasimama. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Mbuga hii ya kilomita 117 za mraba, ya kwanza nchini, ilitangazwa mwaka 1946, na mipaka yake haibadilishwi kwa kalamu ya mhandisi. Nao waliuliza swali ambalo halijajibiwa hadi leo: kama hifadhi ya barabara ilikuwepo tangu 1973, kwa nini wanyama ndio walipe deni la wanyakuzi?

Mwishowe barabara ilipita ukingoni mwa mbuga. Mapema mwaka 2016 simba walitoka mbugani mara kadhaa. Mwezi Machi simba mmoja alimjeruhi mzee kwenye Mombasa Road, na siku chache baadaye simba dume aliyeitwa Mohawk akapigwa risasi huko Isinya. Watetezi wa mbuga walinyooshea kidole ujenzi wa barabara na reli uliokuwa ukiizingira. Baadaye reli ya kisasa, SGR, ikavuka mbuga yenyewe juu ya daraja la kilomita 6.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Barabara nyingine ya kuzunguka jiji, Western Bypass, iliungana na Southern pale Gitaru na kukamilika mwaka 2022, mwaka uleule ambao Nairobi Expressway ilianza kubeba magari juu ya Mombasa Road.

Je, tumejifunza? Usiku, malori huegeshwa kandoni mwa Southern Bypass, na magari madogo huyagonga gizani. Watu wa miguu bado wanavuka mbio mbele ya matrela. Jiji lenyewe lilihesabu wakazi milioni 4.4 mwaka 2019, kwa hiyo barabara nyingine zitahitajika, na ardhi yake lazima ilindwe kabla haijaota kuta.

Wizara ya Ardhi na mamlaka za barabara zichapishe ramani za hifadhi zote, ziweke vigingi vinavyoonekana, na zikatae hatimiliki yoyote ndani yake. Nawe msomaji, ukiona msingi unachimbwa kwenye hifadhi ya barabara mtaani kwako, piga ripoti leo. Ukuta ni rahisi kuuzuia ukiwa bado msingi.